Lakabu

Mwaka jana niliandika kurasa mbili za tasnifu nikizilaumu mita za umeme, na mita hazikuwa na kosa lolote. Zilikuwa zinatuma namba ya biti 32 kwa vipande viwili vya biti 16, kipande cha chini kikitangulia, kwa hiyo programu yangu ya C ilipaswa kuvibadilishana nafasi. Nilipoijaribu kwanza majibu yalikuwa sahihi. Nilipoipitisha tena kwenye kompaila kwa swichi ya -O2, ili imalize data ya miezi minane upesi, nyumba iliyotumia uniti 5 ikasomeka 327,680. Sikuwa nimebadilisha hata mstari mmoja.

Kosa lilikuwa langu. Vile vipande nilivibadilisha kwa kutumia pointa ya biti 16 iliyoelekea ndani ya namba ya biti 32. Mahali pamoja kwenye kumbukumbu pakawa na majina mawili, kama mtu anayeitwa Mama Juma mtaani na Mwalimu Rehema shuleni. Kompaila ilikuwa na ruhusa ya kudhani kwamba hao ni watu wawili. Iliona ninamwandikia Mama Juma, ikaamua kwamba Mwalimu Rehema hajaguswa, ikanipa thamani yake ya zamani iliyokuwa bado kwenye rejista.

Nilitaka kujua ruhusa hiyo ilitolewa na nani.

Hadithi inaanzia kwenye Fortran, lugha ambayo kompaila yake ya kwanza ilitoka IBM mwaka 1957, kazi ya John Backus na wenzake. Hao walikuwa na hofu moja kubwa: kama programu zao zingekuwa polepole kuliko zile zilizoandikwa kwa mkono, hakuna ambaye angezitumia. Sheria za Fortran, zilipokuja kusanifiwa mwaka 1966, zilikuwa na sharti kavu. Ukiipa kazi-ndogo safu ileile kwa majina mawili, kisha ukaibadilisha kupitia mojawapo, umevunja sheria na lawama ni yako. Kwa hiyo kompaila haikuhitaji kuchunguza lolote. Ilizipanga hesabu za matriksi ilivyotaka, na ndiyo sababu mojawapo iliyowafanya wanafizikia waendelee na Fortran miaka mingi baada ya watu wengine kuihama.

C ilizaliwa kwa moyo mwingine. Dennis Ritchie aliitengeneza Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ndani yake jina la safu, mara nyingi, hugeuka kuwa pointa tu, yaani anwani. Anwani mbili zinaweza kuwa sawa, zinaweza kukaribiana, zinaweza zisijuane kabisa. Kompaila isiyojua hulazimika kurudi kwenye kumbukumbu kila mara kusoma upya, na safari hiyo ni ghali.

Kamati ya X3J11, iliyokuwa ikisanifu C tangu 1983, ilijaribu kuliziba pengo hilo. Mwishoni mwa 1987 rasimu yake ilibeba neno jipya, “noalias”. Machi 1988 Ritchie aliwaandikia barua. Kwa kawaida aliiacha kamati ifanye kazi yake, lakini safari hii alisema wazi kwamba neno hilo lazima liondoke na kwamba hakuna majadiliano. Hoja yake naipenda kwa sababu haikuwa ya kihisia. Neno lenyewe lilijifanya sifa ya data, kumbe lilikuwa leseni kwa kompaila kuvuruga programu ambazo kwa macho ya kila mtu ni salama, huku sheria ikiwa upande wake. Kamati ikaliondoa.

Hapa ndipo nilipocheka peke yangu maktaba. Kiwango kilichotoka 1989 kilikuwa na aya nyingine, tulivu zaidi: kitu kinapaswa kusomwa au kuandikwa kupitia jina la aina yake, isipokuwa tu kama unakigusa baiti kwa baiti kwa aina ya “char”. Ilionekana busara ya kawaida. Lakini mwaka 1999, GCC toleo la 2.95 ilipoanza kuitumia aya hiyo kikamilifu, programu nyingi zilizokuwa zikifanya kazi ziliharibika kimyakimya. Hadi leo kiini cha Linux hujengwa kwa swichi ya -fno-strict-aliasing, maana yake kompaila iachane na dhana hiyo. Kwa maoni yangu Ritchie alifunga mlango wa mbele, na leseni aliyoiogopa tayari ilikuwa imekaa sebuleni.

Kuna waliotaka kompaila ijue badala ya kudhani. William Landi mwaka 1992, kisha G. Ramalingam mwaka 1994, walithibitisha kwamba jibu kamili haliwezekani kwa programu zote. Mwaka huohuo wa 1994 Lars Ole Andersen, katika tasnifu yake ya Copenhagen, alitoa jibu la kukadiria: kila pointa ipewe orodha ya mahali inapoweza kuelekea, na ukiandika p = q, orodha ya p imeze yote ya q. Ni makini lakini nzito. Mwaka 1996 Bjarne Steensgaard aliziunganisha orodha hizo mbili kuwa moja, akapata kasi na kupoteza umakini.

C ya 1999 ilileta “restrict”, ahadi ambayo programa mwenyewe huitoa na ambayo hakuna anayeikagua. Rust huikagua. Waliposhika desturi ya kuipeleka ahadi hiyo kwa LLVM, mtambo uliokuwa umezoea C ambako watu huiandika mara chache, hitilafu zilizolala zikaibuka. Wakaizima, wakaiwasha, wakaizima tena, hadi toleo la 1.54 la mwaka 2021.

Mimi nilizifuta kurasa mbili. Pointa nazo nilizitoa, nikahamisha biti 16 kushoto na 16 kulia kisha nikaziunganisha. Nilipotazama kilichotoka kwenye kompaila kwa -O2, mstari wangu wote ulikuwa amri moja ya kuzungusha biti, na ile nyumba imerudi kwenye uniti zake 5.