Paka wa Unguja katika Kitabu cha Thoreau

Katika sura ya mwisho ya Walden, kitabu kilichotoka mwaka 1854, Henry David Thoreau anamkejeli msafiri anayeizunguka dunia ili kuhesabu paka wa Unguja. Kwake yeye, nchi inayostahili kupelelezwa kwanza ni nafsi ya mtu mwenyewe. Ni rahisi kuipita kejeli hiyo haraka, kana kwamba Unguja hapo ni jina tu la mahali pa mbali.

Lakini katika Massachusetts ya siku hizo Unguja haikuwa mbali hata kidogo. Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, akawa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake visiwani. Salem haifiki kilomita 50 kutoka Concord, mji wa Thoreau. Merikebu zake zilipakia pembe, ngozi, karafuu na sandarusi; zilikuja na nguo ya pamba isiyopaushwa ambayo pwani nzima iliiita merikani. Nathaniel Hawthorne mwenyewe alikuwa ofisa wa forodha ya Salem kuanzia 1846 hadi 1849. Katika dibaji ya The Scarlet Letter anaichora bandari iliyochakaa na maofisa wanaosinzia, ingawa anakiri kwamba merikebu kutoka Afrika bado zilitia nanga.

Pamba ya viwanda vya kaskazini ililimwa na watumwa wa kusini. Karafuu ya Unguja nayo ilichumwa na watumwa. Thoreau, aliyelala jela usiku mmoja mwaka 1846 kwa kukataa kulipa kodi kwa dola iliyolinda utumwa, alikuwa na kila sababu ya kuuona uzi huo.

Si kwamba hakuijua biashara ya bahari. Aliandika kwa furaha kuhusu barafu ya ziwa lake iliyosafirishwa hadi Calcutta. Ila India ilimfikia pia kwa Bhagavad Gita, kitabu alichokiheshimu; Unguja ilifika kwa shehena peke yake. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840 Thoreau akiwa kijana, hayakupakiwa katika merikebu yoyote ya Salem. Diwani yake ilichapishwa mwaka 1940.