Ndururu chini ya takataka: kusoma historia ya Eastlands kwa mashine ya bei nafuu

Haya wasomaji wangu, leo tupumzike kidogo na mambo ya programu na seva. Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, na sababu ni kwamba nimepata ugonjwa mpya: nilinunua kitambua metali cha mtumba, kile cha masafa mamoja na skrini ndogo, cha bei ya chini kabisa. Nilitaka kutafuta sarafu za zamani kwenye mitaa ya Eastlands, huku nilikozaliwa. Siku ya kwanza nilichimba mara 41. Nilipata misumari, vipande vya mabati, betri zilizooza na vifuniko vya soda visivyo na idadi. Sarafu? Hata moja sikupata!

Kama mtu yeyote aliyesomea kompyuta, nilidhani tatizo ni mashine. Nikakaa chini nikasoma inavyofanya kazi. Mambo niliyoyakuta ni historia zaidi kuliko elektroniki, ndiyo maana nawaandikia.

Wazo lenyewe ni kongwe. Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell, yule wa simu, alijaribu kuitafuta risasi mwilini kwa mashine ya koili za umeme. Hakuipata. Baadaye ikaja Vita Kuu ya Pili. Mhandisi wa Kipolandi, Józef Kosacki, alitengeneza mashine ya kutafuta mabomu ya ardhini, na mwaka 1942 ikatumika El Alamein kule Misri. Vifaa vya leo ni wajukuu wa mashine hizo.

Koili inatuma uga wa sumaku ardhini. Ukikuta metali, unaamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka, na mikondo hiyo inarudisha uga wake. Mashine inapima jinsi jibu lilivyochelewa, kisha inakisia: hiki ni chuma, hiki ni shaba, hiki ni karatasi ya sigara. Nasisitiza, INAKISIA. Ni kama kichujio cha spamu. Ukikibana sana kinatupa barua za maana, ukikilegeza unazama kwenye matangazo.

Sasa tuje kwa sarafu zetu. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1921, baada ya rupia kuondolewa na florini kukaa kwa muda mfupi tu. Senti 5, yaani ndururu, na senti 10 zilikuwa za shaba nyeusi zenye tundu katikati, na watu walizitunga kwenye kamba. Wengi hudhani tundu linaidanganya mashine. Sivyo, maana mikondo ile huzunguka zaidi kwenye ukingo, kwa hiyo sarafu yenye tundu hulia vizuri tu. Shida ni jirani zake. Senti 10 ina upana wa karibu milimita 30, na kifuniko cha soda kinakaribia upana huo huo. Ingawa kifuniko ni chuma, umbo lake bapa huifanya mashine ikione kama sarafu. Shilingi yenye simba nayo ilikuwa na fedha robo tu hadi 1946, na kuanzia 1948 ikawa ya shaba na nikeli, ambayo hulia chini, karibu na karatasi ya sigara. Na shilingi 1 ya Kenya ya mwaka 2005 ni chuma kilichopakwa nikeli, kwa hiyo ukiamuru mashine ipuuze chuma, inaipuuza pia.

Kwa hiyo kwenye uwanja wa takataka hakuna kitufe cha kukuokoa. Nilichojifunza ni kuacha mashine isikilize kila kitu, kutumia koili ndogo ili isione vitu vitano kwa pamoja, kupitisha polepole sana, kisha kuzunguka shimo na kupitisha tena kutoka upande mwingine. Ishara ya msumari huvunjika ukibadili upande, ya sarafu haibadiliki sana. Na mfukoni niwe na sumaku ya spika iliyokufa, kama wale vijana wanaoburuta sumaku kwa kamba wakiokota vyuma vya kuuza. Hao walikuwa na teknolojia hii kabla yangu.

Nilipoanza kupata sarafu, nikaanza kuota. Nikasema nitaweka kila moja kwenye jedwali: mwaka, kina, mahali. Kilichokaa chini zaidi ndicho cha zamani zaidi, si ndiyo? Nikachora hata grafu. Grafu haikuwa na maana yoyote! Senti 10 ya kikoloni ilikuwa sentimita 4, na sarafu ya Moi ilikuwa chini yake.

Jibu liko kwenye udongo, na udongo una siasa. Serikali ya kikoloni ilijitengea wazungu vilima vya magharibi vyenye udongo mwekundu, na Waafrika ikawasukuma mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi. Pumwani ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kijiji cha Pangani kilibomolewa mwaka 1939 na watu wakapelekwa Shauri Moyo. Kaloleni ikafuata miaka ya 1940. Udongo ule mweusi hupasuka kiangazi, nyufa zikameza mkono, na hufura mvua ikinyesha. Sarafu huanguka kwenye ufa, nyingine husukumwa juu. Kila mwaka ardhi inajichanganya yenyewe kama karata. Kwa hiyo hapa kina hakisemi umri.

Na mwaka ulioandikwa kwenye sarafu nao si mwaka ilipopotea. Ni muhuri wa saa wa kiwandani. Sarafu ya 1942 ingeweza kudondoka 1943, au Aprili 24, 1954, siku Waingereza walipoizingira Nairobi kwa Operesheni Anvil na kuwakamata makumi ya maelfu ya watu. Peke yake haisemi. Anayeweza kusema ni mtu.

Nalijua hili kwa sababu ya mama mmoja mzee. Nilikuwa nimeomba ruhusa kwa majirani wa mtaa mmoja wa zamani ambao nyumba zake ziko kwenye mpango wa kubomolewa ili magorofa yajengwe. Alinitazama nikipiga magoti kwenye vumbi kama nusu saa, kisha akauliza, "Kijana wangu, umepoteza nini?" Nikamwambia, "Sijapoteza, mama, natafuta pesa za zamani." Akacheka sana. "Basi umekuja kutafuta zetu. Chimba pale, karibu na bomba la maji. Tulikuwa tunapanga foleni na watoto wanaangusha chenji."

Bomba lilishaondolewa, limebaki saruji iliyovunjika. Nikapitisha koili polepole. Vifuniko vitatu, msumari mmoja, halafu senti 10 ya 1942 na ndururu mbili. Mashine yangu ya masafa mamoja ilihitaji mtu mmoja tu anayekumbuka. Aliishika ile senti 10, akaingiza ncha ya kidole kidogo kwenye tundu, akanyamaza. Nilimwachia. Kwenye jedwali langu niliongeza safu mpya: "Nani alinieleza". Sasa ndiyo safu ninayoiona ya maana kuliko zote.

Neno la sheria kabla hamjakimbilia koleo. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa kitu cha kale, na kuchimbua vitu vya aina hiyo kunahitaji leseni. Nairobi yenyewe ilianza 1899 kama kambi ya reli, kwa hiyo mengi utakayopata ni ya baadaye. Lakini ukikuta pesa ya Mombasa ya mwaka 1888, acha kuchimba, andika mahali, wapelekee Makavazi. Na popote pale, omba ruhusa kwanza na ufukie shimo lako.

Siandiki haya ili mtajirike, maana senti 10 hizi si adimu hata kidogo. Naandika kwa sababu tingatinga likija halitachagua kati ya msumari na ndururu, na wazee wakihamishwa kila mmoja ataenda kwake na ramani yake kichwani. Udongo tunaweza kuuchekecha hata kesho. Kwa wazee, nadhani tuanze wikendi hii. Kama una mzee aliyeishi Bahati, Ziwani, Makongeni au mtaa wowote wa zamani, muulize bomba la maji lilikuwa wapi, na uandike jibu.

Wiki ijayo tunarudi kwa programu, naahidi.