Super Matimila: orkesta iliyobeba jina la mwenye vyombo

Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Maniema, mwaka 1947. Mwaka 1978 alienda Dar es Salaam kuimba katika Orchestra Makassy ya mjomba wake, Mzee Makassy. Orkesta hiyo ilikuwa imetoka Uganda, wakati wa utawala wa Idi Amin.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Makassy wakahamia Nairobi. Remmy alibaki Dar, akaingia kikundi kingine: Matimila. Jina hilo halikuwa la mwanamuziki. Lilikuwa la mfanyabiashara mwenye vyombo. Ndivyo mambo yalivyokwenda siku zile: magitaa, ngoma na spika vilikuwa bei kali, kwa hiyo patron ananunua, wanamuziki wanapiga. Ukigombana naye, unaondoka na sauti yako tu.

Lakini sauti hiyo ndiyo iliyovuta watu. Remmy aliimba umaskini, kifo na dharau wanayopata wanyonge, maneno mazito juu ya gitaa la soukous. Mtindo wake aliuita ubongo, maana ulikuwa wa kufikirisha, si wa kucheza tu.

Mwaka 1988 Super Matimila walipiga Ulaya katika tamasha la Womad. Mwaka 1989 ikatoka albamu *Songs for the Poor Man*.

Remmy alifariki Desemba 2010. Vyombo vilikuwa na jina la patron, ila hata leo kituo kimoja cha Sinza, Dar es Salaam, watu wanakiita "kwa Remmy".