Historia ya Bendi ya John Mayall

Wapenzi wa muziki wa dansi wanaijua adha ya bendi kuporwa mpiga solo. John Mayall, kiongozi wa bendi ya bluzi, ilimpata mara tatu ndani ya miaka minne, na kila aliyeondoka alikuwa moto wa kuotea mbali.

Alizaliwa Macclesfield, Uingereza, mwaka 1933. Baba yake alipiga gitaa na kukusanya santuri za jazi. Mtoto akakulia humo. Alipochukuliwa jeshini alipelekwa Korea, na akiwa likizo Japani akanunua gitaa la umeme. Aliporudi alisomea sanaa Manchester, akawa mchoraji wa matangazo. London alihamia mwaka 1963, umri ukigonga 30, kwa kushawishiwa na Alexis Korner, mkongwe wa bluzi wa huko.

Mwaka 1965 mpiga gitaa Eric Clapton aliikimbia bendi ya Yardbirds, akiona wameuza bluzi kwa pop, akatua kwa Mayall, katika bendi yake ya Bluesbreakers. Albamu yao ya 1966 ndiyo iliyowafundisha wapiga gitaa wengi ule mlio mzito unaokwaruza. Studioni fundi mitambo alitaka sauti ipunguzwe. Clapton akagoma, amplifaya ikabaki juu. Tazama jalada: wanaume wanne wameketi mbele ya ukuta, na Clapton, mwenye nyota yake, macho yako kwenye Beano, gazeti la katuni la watoto. Albamu ilifika nafasi ya 6 Uingereza. Clapton mwenyewe alikuwa ameshahamia bendi ya Cream.

Mayall hakulia. Akamshika mpiga gitaa mwingine, Peter Green. Mwaka 1967 naye akatoka, akaanzisha Fleetwood Mac, na John McVie, mpiga besi wa Mayall, akafuata baadaye. Akaja Mick Taylor, kijana wa miaka 18. Mwaka 1969 Rolling Stones wakambeba. Kwa sauti Mayall hakuwa mwimbaji wa kutisha. Sikio lake, hilo hakuna aliyemfikia.

Baadaye alihamia California. Moto wa nyika wa 1979 uliteketeza nyumba yake, pamoja na shajara za baba yake.

Alifariki Julai 22, 2024, akiwa na miaka 90. Wengi humsikiliza wakiwatafuta vijana wake. Ukitaka kumsikia yeye, anza na Room to Move ya 1969: bendi haina mpiga drams, na harmonika iko mdomoni mwa mzee mwenyewe.