Beni Katika Njia ya Tunduma

Neno "andagraundi" limekwisha kupata uraia katika Kiswahili cha Tanzania. Kwa vijana wa muziki ni msanii ambaye nyimbo zake hazijafika redioni: yuko mlangoni, angoja kufunguliwa. Huko Ulaya na Marekani, katika miaka ya 1960, neno hilo lilimhusu zaidi aliyekataa kuingia. Maana zote mbili zadhani kwamba mwenye sanaa ndiye achaguaye mahali pake. Historia ya beni yaonyesha kwamba aghalabu huchaguliwa na wanaomtazama.

Beni ilizaliwa pwani, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, ikiiga gwaride na tarumbeta za wakoloni. Ilichezwa hadharani, mtaa ukishindana na mtaa, na malenga wakijibizana kwa nyimbo za kejeli. Tanganyika ikawa na vyama viwili: Marini ya waliojiona waungwana, na Arinoti ya makabwela.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliichukua beni hadi bara, pamoja na askari na wapagazi. Mwanzoni mwa Novemba 1918 jeshi la Wajerumani liliishambulia boma ya Fife, jirani na Tunduma, mji ulio leo katika Mkoa wa Songwe. Mwezi huohuo likasalimu amri Abercorn, ndani ya Rodesia ya Kaskazini. Mpaka uliowekwa na mkataba wa 1890 haukuizuia ngoma. Baada ya vita, vibarua wa nyanda za juu za kusini walivuka upande huo kwenda kwenye migodi ya shaba.

Huko beni ikaitwa mbeni, nayo ikawa makimbilio ya wageni mjini. Wazungu wengi waliiona kuwa mchezo wa kuiga tu. Lakini Mei 1935 wachimbaji waligoma kwa sababu ya kodi, na Waafrika 6 wakauawa kwa risasi huko Luanshya. Tume ya serikali ikaichunguza mbeni, ikitafuta mkono uliofichika. Ngoma ya barabarani ikageuka, machoni pa wakubwa, kuwa jambo la chini kwa chini.

Mwaka 1956 mtaalamu J. Clyde Mitchell alichapisha kitabu juu ya kalela, ngoma ya migodini iliyo na nasaba na mbeni. Kilichotiliwa shaka kikawa somo la vyuo vikuu.

Hasara yake ni kubwa kwa wapenda ushairi. Tenzi za kale zilihifadhiwa katika miswada ya familia. Watunzi wengi wa beni hawakupata mwandishi. Sehemu kubwa ya habari zao imo katika taarifa za maofisa waliowachunguza, ambao waliandika walichokiogopa, si uzuri wa shairi. Andagraundi wa leo akikosa redio bado ana simu ya kurekodia. Malenga wa Arinoti alikuwa na kumbukumbu za wenzake tu, nao wamekwisha kufa.