Maana ya 'Ltd' katika bango la biashara

KIFUPISHO 'Ltd' huandikwa mwishoni mwa majina ya biashara nyingi nchini Kenya. Ni ufupi wa neno la Kiingereza 'Limited', yaani 'yenye kikomo'. Kinachowekewa kikomo si ukubwa wa biashara wala mtaji wake, bali ni dhima ya wenye hisa kwa madeni ya kampuni.

Kwa mfano, mtu aliyenunua hisa za Sh20,000 na kuzilipia zote hatadaiwa zaidi, hata kampuni ikifilisika ikiwa na deni la Sh2 milioni. Shamba lake na ng'ombe wake haviguswi, kwa kuwa sheria huitazama kampuni kama mtu aliye mbali na wenyewe. Msingi huo ulithibitishwa nchini Uingereza mwaka wa 1897 katika kesi ya Salomon, mfanyabiashara wa viatu jijini London.

Chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015, kampuni ya kibinafsi yenye kikomo cha dhima hutumia 'Limited' au 'Ltd', na wanachama wake hawazidi 50. Kampuni ya umma hutumia 'PLC', kama ilivyo Safaricom PLC. Kujiita 'Ltd' bila usajili huo ni kosa. Maneno kama 'Traders', 'Enterprises' au '& Sons' pekee hayampi mtu kinga yoyote; mwenye biashara iliyosajiliwa kwa jina tu hudaiwa hadi mali yake mwenyewe.

Tofauti hii ina uzito kwa mkulima wa Kabazi, katika eneo la Subukia, Kaunti ya Nakuru, anayeuza mahindi au maziwa kwa ahadi ya kulipwa baadaye. 'Ltd' si hakikisho la utajiri. Ni ilani kwamba kampuni ikianguka, mdai atagawana na wadai wengine kilichobaki ndani yake. Wenyewe wanaweza kufuatwa, kwa mfano, mahakama ikipata kwamba waliendesha biashara kwa ulaghai, au ikiwa walitia saini dhamana ya kibinafsi, ambayo benki huidai mara nyingi kabla ya kukopesha.

Anayetaka kujua wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni anaweza kuomba hati ya CR12 kupitia mtandao wa eCitizen kabla ya kutoa bidhaa zake.