Historia katika Miaka ya Mwisho ya Shule

Mtazameni kijana wa mwaka wa mwisho wa sekondari akiwa nyumbani jioni. Akishika kitabu cha hesabu, mama anawaambia wadogo wanyamaze, maana kaka yao anasoma. Akishika kaye ya historia, mama anamtuma maji. Kwa mawazo ya wengi historia si kazi. Ni majina na miaka tu, ya kumezwa usiku mmoja kabla ya mtihani.

Kosa si la mama peke yake. Tangu mwaka 1967 nchi yetu ina Mtihani wa Serikali, ndio Exetat, na asiyeushinda hapati diploma. Humo historia inapata maswali machache, na mwanafunzi anachagua jibu moja kati ya majibu yaliyoandikwa tayari. Mtihani wa namna hiyo hauwezi kumwuliza mtu: kwa nini? Wala: umejuaje? Basi mwalimu anaandika ubaoni, watoto wananakili, na kaye za wakubwa zinarithiwa na wadogo pamoja na makosa yake.

Sisemi kwamba miaka haina faida. Asiyejua miaka ni kama mtu anayesimulia safari bila kujua ni kijiji gani kilitangulia. Lakini tuchukue mwaka mmoja unaojulikana na wote. Mkutano wa Berlin ulianza tarehe 15 Novemba 1884, ukaisha tarehe 26 Februari 1885. Mwulizeni mwanafunzi ye yote, atawajibu bila kusita. Halafu mwulizeni: katika miezi ileile, kulitokea nini huku kwetu, kwenye Ziwa Tanganika? Atanyamaza.

Twende basi Mpala, upande wa magharibi wa ziwa. Mwaka 1883 Kapitani Émile Storms, Mbelgiji, alijenga boma pale kwa jina la Shirika la Kimataifa la Afrika, lile lililoanzishwa Brussels mwaka 1876 chini ya Mfalme Leopold II. Watu wakamwita Bwana Boma. Alifanya udugu wa damu na Sultani Mpala. Lakini katika milima alikaa sultani mwingine mwenye nguvu, jina lake Lusinga, ambaye hakukubali kuwekwa chini ya mgeni. Tarehe 4 Desemba 1884, mabwana wa Ulaya wakiwa bado wamekaa mezani Berlin, watu waliotumwa na Storms waliingia kwa Lusinga, wakamwua na kumkata kichwa. Storms alichukua fuvu lile mpaka Ubelgiji. Mwaka 1886 Émile Houzé, mganga, alilieleza mbele ya chama cha wataalamu Brussels, kama mtu anavyoeleza jiwe au pembe ya mnyama. Sanamu ya mti ya Lusinga nayo ilichukuliwa, ikaingia katika jumba la makumbusho la Tervuren.

Hapo ndipo kazi ya historia inapoanza. Nani alitupa habari hizi? Kwanza Storms mwenyewe, aliyeandika siku kwa siku. Kwake Lusinga alikuwa mnyang'anyi na mwuza watu. Wala si yeye peke yake: Joseph Thomson, msafiri wa Uskoti aliyefika kwa Lusinga mwaka 1879, alimweleza vibaya vilevile. Upande wa pili wako Watabwa wenyewe. Katika miaka ya 1970 Allen Roberts, mtaalamu Mmarekani, alikaa kwao na kuwasikiliza wazee. Waliyomsimulia hayafuati mpango wa daftari la Storms, wala maana yake si moja.

Mwanafunzi ataruka na kuuliza: nani asema kweli? Afadhali aulize kwanza: kila mmoja alikuwa na sababu gani ya kusema hivyo, na alimwambia nani? Storms alikuwa na wakubwa Brussels. Tena aliyetuma watu kuua hawezi kupenda kwamba marehemu aonekane mwema. Wazee walisimulia miaka tisini baadaye, habari imepita vinywa vingi, na katika nchi yetu habari za masultani wa kale haziko mbali na mashauri ya mashamba na ukubwa. Kuwachunguza wazee hivyo si kuwakosea heshima. Tena kifo kibaya hakimgeuzi Lusinga kuwa mtakatifu. Watu waliuzwa kweli kandokando ya ziwa, na wauzaji hawakuwa Waarabu na Waungwana tu. Masultani wa kwetu nao walikuwamo. Mimi naona kijana anayeweza kuyashika haya yote pamoja, asiangushe moja ili kuokoa jingine, amejifunza historia kuliko yule mwenye miaka mia kichwani.

Sasa nifike pale panapotuchoma sisi wakristu. Mwezi wa Julai 1885, miezi saba baada ya kifo cha Lusinga, Mapadri Weupe walipokea boma la Mpala. Ndiyo kusema, misioni ile ya zamani iliingia katika nyumba ya Storms. Mwaka 1887 akafika Kapitani Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, akawakinga watu na wawinda watumwa, asirudi tena kwao mpaka kufa kwake mwaka 1927. Wapo wanaosema: wasimulieni vijana habari za Joubert, za Storms ziacheni, wasije wakaichukia Eklezya. Sikubali hata kidogo. Mwaka 2018 magazeti ya Ubelgiji yaliandika juu ya fuvu la Lusinga, na mwaka 2022 sanamu ya Storms iliondolewa katika kiwanja chake huko Brussels. Mambo hayo yanasomwa katika simu. Kijana akiyapata huko kwanza, atauliza kwa nini sisi tulinyamaza, na habari za Joubert nazo hatazisadiki tena. Papa Leo XIII hakuogopa: mwaka 1881 aliwafungulia wataalamu hazina ya maandiko ya Vatikano, na mwaka 1883, mwaka uleule boma la Mpala lilipojengwa, aliwaandikia makardinali watatu juu ya masomo ya historia, akitaka ukweli usemwe wote.

Neno jingine dogo. Walimu hupenda kuuliza: padri wa kwanza Mkongo ni nani? Jibu ni Stefano Kaoze, aliyepata upadri tarehe 21 Julai 1917. Vema. Lakini Henrique, mwana wa Mfalme Afonso wa Kongo, alifanywa askofu mwaka 1518! Basi swali lenyewe lina kasoro. Lingesema: wa kwanza katika wakati wa Wabelgiji. Kaoze huyo alisoma Mpala, maandishi yake juu ya fikira za Wabantu yakapigwa chapa kwa Kifaransa mwaka 1910, na baadaye aliandika habari za kale za watu wake.

Kijana akitaka kumfuata, gharama yake ni kaye moja tupu. Ukurasa wa kushoto aandike kitabu cha shule kinasema nini. Wa kulia, mzee wa kijiji amesema nini, pamoja na jina la mzee, umri wake, na nani alimsimulia. Mahali wanapopingana asifute. Padri akimruhusu, atazame pia madaftari ya ubatizo, yenye majina na tarehe ambazo hakuna kitabu cha shule kinachozitaja. Tena aanze na wazee wenye miaka themanini na zaidi, waliosoma kwa Wabelgiji. Awaulize walifundishwa historia gani. Wengine watamtajia wafalme wa Ubelgiji mmoja baada ya mwingine bila kukosea. Halafu awaulize jina la sultani aliyekuwa na nchi ile kabla boma halijajengwa, na nani aliwaambia jina hilo.